Kambini Nyandarua, ogopa jiko kuliko nyati

Huenda mwaka huu umeamua kwamba likizo ya Agosti haitakuwa ya Mombasa tena. Watoto wameizoea bahari, hoteli zimepanda bei, na rafiki wa kazini amekusimulia jinsi alivyolala hemani katika msitu wa Nyandarua, mahali pasipo na stima wala mfereji, na ambapo jirani wa karibu ni tembo. Mmekubaliana familia mbili. Mahema yamekodiwa, gari limekaguliwa breki. Mtapita Nyeri, mtapita Mweiga, kisha mtakunja kuelekea Endarasha na ukingo wa msitu.

Uamuzi huo ni mzuri. Hewa ya milimani, kutembea kwa miguu na kulala mapema kwa kukosa televisheni ni mambo yanayoufaa mwili uliochoshwa na moshi wa matatu na kiti cha ofisi. Tena si jambo geni katika sehemu hizo. Lord Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha chama cha skauti na kuwafundisha watoto wa dunia nzima kulala hemani, aliichagua Nyeri kwa miaka yake ya uzeeni. Alifia huko Januari 8, 1941, akiwa na umri wa miaka 83, na kaburi lake liko mjini humo hadi leo.

Lakini hebu waulize wenzako wa mjini wanachokihofia wakisikia habari za kambi ya msituni. Mmoja atakutajia nyati, wa pili chui, wa tatu nyoka, na mama wa watoto atauliza kuhusu mbu. Ni nadra kumpata atakayekutajia jiko la makaa. Na ilhali katika milima ile, kwa familia iliyofunga zipu ya hema na kujilaza, jiko ndilo linaloweza kuwamaliza wote kabla hakujapambazuka, bila kelele na bila hata mmoja wao kuamka.

Baridi ya huko ni baridi gani?

Endarasha iko Kieni Magharibi, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua ambayo ramani nyingi bado huiita Aberdare. Ni nchi ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Juu ya mashamba umepita ua wa umeme unaowatenga tembo na mahindi ya watu. Ua huo ulisimamiwa na shirika la Rhino Ark lililoanzishwa mwaka 1988, ukakamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa karibu kilomita 400 kuizunguka milima yote. (Usiuguse, wala usimruhusu mtoto auguse.) Ndani ya ua ni msitu, kisha mianzi, kisha nyanda za juu zenye nyasi za mashungi na ukungu, ambako ardhi inapita mita 3,000. Kilele kirefu kuliko vyote, Ol Donyo Lesatima, kina mita 4,001.

Mbuga ya Aberdare yenyewe ilitangazwa mwaka 1950 na ina ukubwa wa kilomita mraba 766. Ofisi yake kuu iko Mweiga. Ndani yake yapo mabanda na viwanja vya kupigia hema vinavyotumiwa na wasafiri wanaojipikia, kama vile kiwanja cha Reedbuck na mabanda ya Tusk Camp. Vingi vya viwanja hivyo viko juu, si bondeni, na hapo ndipo hesabu ya baridi inapoanza.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za selisiasi. Nairobi iko karibu mita 1,700. Ukipiga hema mita 3,000 umejiondolea nyuzi 8 hivi, na hiyo ni kabla ya kuhesabu upepo, mvua na mwezi wenyewe. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo hata mtu wa Nyeri mjini hushinda na koti. Katika usiku usio na mawingu, nyasi za nyanda za juu huweza kuamka zimepakwa jalidi nyeupe. Ajabu ni kwamba Agosti ndiyo miezi ya likizo ya shule, kwa hiyo familia nyingi za mjini hukutana na Nyandarua wakati ule ule inapokuwa kali zaidi.

Saa 3 usiku

Sasa fikiria usiku wenu wa kwanza. Manyunyu yalianza saa 11 jioni na hayajakoma. Nyama imechomwa na kuliwa. Watoto wanatetemeka, mdogo amekataa kutoa mikono ndani ya sweta. Nje kuna jiko ambalo makaa yake yameiva vizuri, mekundu, hayana moshi hata kidogo. Mzazi yeyote mwenye huruma atawaza kuliingiza hemani kwa nusu saa tu, watoto wapate usingizi, kisha litolewe.

Hapo ndipo penye hatari, na inafaa nikueleze kwa nini.

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haichomi macho wala haikohozi mtu. Ukiivuta huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Yaani oksijeni inafika kwenye gari ikakuta viti vyote vimekaliwa. Moyo unapiga, mapafu yanapumua, lakini ubongo haupati kitu. Mtu husikia kichwa kizito, kisha uchovu, kisha usingizi mtamu. Kwa kuwa ni usiku na amechoka kwa safari, hakuna atakayeshangaa kwamba amesinzia.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ni moshi, na kwa hiyo makaa yaliyoiva ni salama. Mambo ni kinyume. Moshi wa kuni mbichi utakufukuza hemani kwa kikohozi kabla haujakudhuru sana. Makaa mekundu yasiyo na moshi hayakuonyi kwa lolote, na hata yakishafunikwa na majivu yakaonekana kama yamezimika bado hutoa sumu hiyo kwa muda mrefu.

Wengine husema hema ni kitambaa tu, hewa hupita. Kitambaa cha hema za siku hizi ni nailoni iliyotengenezwa ili maji yasipenye, na turubai la kizamani likilowa mvua nyuzi zake hujifunga. Ongeza kwamba kwa sababu ya baridi mmefunga kila zipu na kubana kila tundu kwa nguo. Hema la watu wanne ni dogo kuliko jikoni kwako. Jiko dogo linatosha kulijaza. Sufuria ya maji kando ya jiko haizuii chochote. Kuacha mlango wazi kidogo pia si kinga, kwa maana atakayeamka saa 7 usiku kwa baridi ataufunga.

Hayo ninayosema juu ya makaa yanahusu vilevile jiko la mtungi wa gesi, taa ya mafuta ya taa, na injini ya gari inayoachwa ikinguruma ili waliolala ndani wapate joto. Jenereta ya jirani iliyowekwa nyuma ya hema lenu ni hatari hiyo hiyo.

Huko juu tena sumu hii inamkuta mtu akiwa tayari na upungufu. Katika mita 3,000 hewa unayovuta ina takriban asilimia 70 tu ya oksijeni unayoipata ufuoni Mombasa. Kiasi cha kaboni monoksaidi ambacho kingemwumiza mtu kichwa Nyali, huko kitamlemea zaidi. Watoto hulemewa mapema kuliko wakubwa kwa sababu hupumua haraka, na mimba huathirika hata pale ambapo mama mwenyewe anajisikia nafuu.

Kila msimu wa baridi magazeti yetu huandika habari za watu waliokutwa wamekufa ndani ya chumba chenye jiko, na kila mara majirani husema kwamba walilala wakiwa wazima. Tumezisoma habari hizo tukidhani ni za vyumba vya kukodi mitaani. Hema ni chumba pia.

Kichwa kinachouma asubuhi

Linalotatanisha zaidi ni kwamba katika kambi ya milimani kuumwa kichwa ni jambo la kawaida, na kuna sababu zaidi ya moja. Ukiamka unaumwa kichwa, una kichefuchefu na kizunguzungu, unaweza kuwa na ugonjwa wa mwinuko, ambao huwapata baadhi ya watu wanaopanda kupita mita 2,500 kwa haraka. Unaweza kuwa umepungukiwa na maji mwilini. Unaweza kuwa na malaria uliyokuja nayo. Au ulinywa muratina jana, jambo unalolijua mwenyewe. Na unaweza kuwa umevuta sumu ya jiko usiku kucha ukanusurika chupuchupu.

Utatofautishaje? Jiulize maswali machache. Je, wote waliolala hema moja wanaumwa kwa wakati mmoja, ilhali wa hema la pili wako sawa? Je, kichwa kinapungua baada ya kukaa nje kwa muda? Je, kulikuwa na kitu kinachowaka ndani, hata kama kilizimwa kabla ya kulala? Kama jibu ni ndiyo, usimpe mtu panadoli na kumrudisha alale. Toeni watu wote nje, fungueni hema pande zote, na aliyechanganyikiwa, aliyezirai, mwenye maumivu ya kifua au mwenye mimba apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Ukimkuta mtu ndani ya hema haamki, usiingie ukakaa humo ukimtingisha na kumwita jina. Shika pumzi, fungua, mvute nje kwa miguu au kwa blanketi, kisha ndipo umwangalie kama anapumua. Waokoaji wengi wa aina hii huanguka juu ya wale waliokuja kuwaokoa.

Ugonjwa wa mwinuko kwa upande wake huanza saa kadhaa baada ya kufika juu, mara nyingi usiku wa kwanza, na humpata mtu mmoja mmoja bila kujali amelala wapi. Si dalili ya udhaifu. Kijana wa mchezo wa raga anaweza kulala chini huku nyanya yake akitembea. Kinga yake ni kupanda polepole, na hapa Endarasha ina faida ambayo wasafiri wengi huiruka. Mtu aliyetoka Mombasa au Kisumu asipande hadi nyanda za juu siku hiyo hiyo. Alale usiku mmoja au miwili chini, ukingoni mwa msitu au Nyeri, mwili uzoee, kisha apande. Dawa iitwayo Diamox husaidia baadhi ya watu, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima amweleze kwanza. Dalili zikizidi, yaani mtu akihema akiwa ameketi tu, akipepesuka kama mlevi au akianza kusema mambo yasiyoeleweka, dawa yake ni kuteremka. Usingoje kesho.

Kupata joto bila jiko

Sijasema haya ili mlale mkitetemeka. Baridi yenyewe huua pia. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hali ambayo madaktari huiita haipothemia, mtu huanza kwa kutetemeka sana, kisha huwa mzito wa ulimi, hujikwaa, hushindwa hata kufunga kifungo. Mtetemeko ukikoma bila yeye kupashwa joto, usishangilie. Mwili umechoka kujitetea. Mvue nguo zilizolowa, mvishe kavu, mfunike na kichwa, alalane na mtu mwenye joto ndani ya blanketi moja, na kama yuko macho na anaweza kumeza mpe chai au uji wenye sukari nyingi. Pombe hapana. Pombe huleta damu kwenye ngozi, mtu akasikia joto kwa muda mfupi, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka.

Jambo kubwa ni kuzuia. Wageni wengi wa mjini huenda Nyandarua na suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Pamba ikilowa hubaki na maji na kuunyonya mwili joto. Sweta la sufu lililokwisha kuvaliwa Ulaya, unalolipata Gikomba kwa bei ndogo, litakufaa kuliko jaketi jipya la kupendeza. Vaa nguo mbili tatu nyepesi badala ya moja nzito, kwa sababu kinachokupa joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo. Kichwani vaa kofia ya sufu, ile ambayo vijana huiita mavin. Na weka kando nguo moja kamili ya kulalia, na soksi zake, ambayo haitaguswa na mvua wala jasho hata iweje.

Waliolijua jambo hili kuliko sote ni wapiganaji wa Mau Mau walioishi katika msitu huu huu baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Nguo walizoingia nazo zikararuka, wakashona ngozi za wanyama. Dedan Kimathi aliponaswa Oktoba 21, 1956, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Wengi huliona koti hilo kama vazi la jemadari. Mimi huona pia mtu aliyeijua baridi ya Nyandarua, maana ngozi hukata upepo na manyoya hushika joto, na hakuna sweta la dukani linalofanya zaidi ya hayo mawili.

Kisha itazame ardhi. Watu hurundika blanketi juu yao na kusahau chini, na ilhali ardhi yenye unyevu hufyonza joto usiku kucha. Blanketi mbili chini na moja juu ni bora kuliko tatu juu. Godoro jembamba la sponji, mkeka, nyasi kavu, maboksi yaliyokunjuliwa, vyote vinafaa. Hata gazeti hili, ukishamaliza kulisoma, kurasa zake zikitandikwa chini ya mkeka zitakusaidia kuliko unavyodhani.

Badala ya jiko, chemsha maji nje kabla ya kulala, yajaze katika chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, uivishe soksi na kuiweka kati ya mapaja au miguuni. Hudumu saa kadhaa. Jaza thamosi chai ya maziwa ya saa 8 usiku. Kula chakula cha kushiba, chenye mafuta kidogo, muda mfupi kabla ya kulala, kwa sababu mwili hauwezi kuwasha moto bila kuni. Mtoto asilale peke yake pembezoni mwa hema, alazwe katikati.

Nani asiende, au aende baada ya kumwona daktari

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Mtu mwenye selimundu, ugonjwa ambao ni wa kawaida zaidi miongoni mwa jamii zilizotoka maeneo ya malaria kama Pwani, Nyanza na Magharibi, asipelekwe kambi ya milimani kama zawadi ya kufunga shule. Baridi, upungufu wa oksijeni na kutokunywa maji ya kutosha ndivyo vinavyoamsha yale maumivu makali ya mifupa na kifua, na kambi ya mita 3,000 inavileta vyote vitatu usiku mmoja. Mtoto atakayelia anaumwa miguu atadhaniwa amechoka kutembea. Zungumza na daktari wake kabla hujamwahidi.

Mwenye pumu abebe pampu yake mwilini, ndani ya nguo, si katika begi garini. Hewa baridi na moshi wa kuni ni maadui wake wawili. Mwenye kisukari anayejidunga insulini aihifadhi vivyo hivyo, kwani ikiganda imeharibika hata kama itayeyuka tena. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, mama mwenye mimba na aliye na mtoto mchanga, wote wana sababu ya kuchagua kulala chini na kupanda mchana tu kutazama maporomoko ya Karuru, kisha kurudi. Hawatakuwa wamekosa mengi.

Maji, choo na wale nyati

Maji ya mito ya Nyandarua ni maangavu na ya baridi kiasi cha kukushawishi uinamie na kunywa. Usifanye hivyo. Tembo na nyati hunywa na kujisaidia humo huko juu, na vijidudu vya kuharisha havionekani. Chemsha. Katika mita 3,000 maji hutokota yakiwa na nyuzi 90 hivi tu, kwa hiyo yaache yatokote dakika 3 nzima. Kwa sababu hiyo hiyo githeri yako haitaiva huko hata ukiipikia hadi usiku wa manane. Chemsha mahindi na maharagwe nyumbani, ukifika ukaange tu.

Vyoo vya kambi ni vya shimo, na mara nyingi viko mbali na hema. Wanawake na watoto wengi, kwa kuogopa giza, huacha kunywa maji tangu saa 10 jioni na kubana mkojo hadi asubuhi. Hili huleta kuumwa kichwa na maumivu ya kibofu, na halina haja. Beba ndoo ya plastiki yenye kifuniko iwe choo cha usiku, na msione haya.

Na kweli usitoke ovyo usiku. Nyati dume anayetembea peke yake hana subira, na ukungu wa Nyandarua huficha mnyama aliye hatua kumi mbele yako. Mulika tochi pande zote kabla ya kutoka, usiache chakula ndani ya hema, usiweke nguo iliyomwagikiwa mchuzi karibu na kichwa. Siafu wakiingia, hameni nyinyi. Kupe kagua mwilini kila jioni, hasa nyuma ya magoti na kwapani. Kwa haya askari wa mbuga watakuelekeza, na wasikilize.

Mbu wa malaria hawastawi katika baridi ya Nyandarua. Lakini kama wiki mbili zilizopita ulikuwa Kisumu, Busia au Malindi, na sasa unasikia homa na baridi kambini, usiseme ni mafua ya milimani. Malaria huchukua siku 7 au zaidi kujitokeza. Teremka ukapimwe.

Kabla hujapanda

Barabara za ndani ya mbuga ni za udongo, na mvua ikinyesha huteleza kiasi kwamba gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halitapanda wala kushuka. Simu sehemu nyingi haishiki. Kwa hiyo mgonjwa wa saa 8 usiku hatafika hospitali saa 9. Mwachie mtu nyumbani jina la kambi na siku ya kurudi. Muulize askari wa langoni simu hushika wapi na atafikiwa vipi usiku. Egesha gari likielekea njia ya kutokea, na ufunguo uwe mahali ambapo wakubwa wote wanapajua.

Endarasha kuna kituo cha afya. Mweiga kuna hospitali ya misheni ya Mary Immaculate, na Nyeri mjini kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Mkiwa njiani kwenda, simameni au mpige simu muulize kama wana oksijeni. Aliyevuta sumu ya jiko akiachwa avute hewa ya kawaida tu, mwili wake huchukua saa 4 hadi 5 kuitoa nusu ya sumu hiyo. Akipewa oksijeni kamili kwa barakoa muda huo hupungua hadi saa moja au moja na nusu. Hata akipona, kwa wiki chache zinazofuata mwangalie kama anasahau mambo au amebadilika tabia, na ikiwa hivyo arudishwe kwa daktari.

Tangu janga la korona la mwaka 2020 familia nyingi zimenunua kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni, na vituo vingi hukitumia kwanza mgonjwa anapofika. Kifaa hicho hakiwezi kutenganisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Kwake zote ni nyekundu. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hoi. Basi mkifika, kabla hata ya kutaja jina la mgonjwa, mwambieni anayewapokea kwamba mlilala na jiko ndani ya hema.